Indiketa ya Kulia

Kanta, lori dogo la mizigo, ilifunga breki mbele ya soko la Nyeri, bampa ikasimama karibu na magoti ya Masinde, aliyekuwa akivuka barabara macho kwenye simu. Kwenye dirisha la dereva akachungulia msichana mwenye kofia nyekundu ya sufu. Akaiona chaki kwenye suruali ya Masinde.

"Mwalimu, hivyo ndivyo unafundisha watoto kuvuka?"

Masinde akaona haya. Akasema kosa lake lina jina kwa Kiingereza: jaywalking. Nyuma honi zikaanza kulia, lakini msichana hakuondoka. Akauliza kama yule dereva anayekufuata nyuma mpaka unasikia pumzi yake naye ana jina.

"Tailgating."

"Panda," akasema.

Aliitwa Kananu, mtu wa Chuka, na alikuwa akisomba kahawa ya Gakindu. Udereva alikuwa nao mikononi. Alichokosa ni maneno. Alitaka kazi ya kuendesha basi Uingereza, na usaili ungefanywa kwa simu, kwa Kiingereza. Basi kila Jumamosi Masinde aliketi kando yake akiyapa majina mambo ya barabarani: hasira za usukani, road rage, haki ya kutangulia, right of way. Jioni wakipigiana simu ya marudio, maneno yaligeuka kuwa mengine. Masinde akawa "mwalimu wangu," Kananu akawa "dereva wa roho." Ila Masinde hakutulia. Kila neno alilompa lilimsogeza Kananu mbali naye, naye alilijua hilo.

Siku moja, katika mlima wa kutoka Gakindu, lori la mbele liliwasha indiketa ya kulia, na kulia hapakuwa na njia, ni bonde tupu. Kananu akapunguza mwendo. Akamweleza Masinde, ambaye hakuwahi kushika usukani, kwamba madereva huambiana hivyo: ya kulia, usipite, kuna gari inakuja, ya kushoto, pita. Hiyo ataisemaje? Masinde akampa sentensi safi: "He is telling me not to overtake."

Kwenye usaili wakamuuliza hilo hilo: lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia, maana yake nini? Kananu akajibu bila kusita, akaanguka. Kule Uingereza indiketa ya kulia ni ya mtu anayekata kulia, basi. Wakamwambia watampigia mara moja tu tena, Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

"Ulijua," Kananu akasema kwenye simu, baada ya kumsimulia Masinde yote.

"Sikujua, mpenzi. Wewe ndiye uliniambia maana yake."

"Sawa. Lakini ulitaka nianguke ama hukutaka?"

Masinde angeweza kudanganya. Lakini kila jioni alikuwa ameomba Mungu hivyo hivyo.

"Nilitaka," akasema, na simu ikakatwa.

Tangu hapo kila kanta iliyoteremka mjini ilimtoa ubaoni hadi dirishani. Alipiga simu, haikushikwa. Akasoma sheria za barabara za Uingereza mpaka macho yakamuuma. Siku ya usaili wa pili, mwenzake Moffat akamshikia darasa, naye akaenda Gakindu. Kananu alikuwa akifunga turubai juu ya magunia, kofia ile ile kichwani.

"Umekuja kuona nikianguka tena?"

"Nilitaka uanguke. Lakini sikukufundisha uanguke. Hizo ni vitu mbili."

"Na leo unataka nini?"

"Upate hiyo kazi. Halafu nije Chuka nione mamako, ndio ukienda uende ukijua kuna mtu anakungoja."

Kananu alikaza kamba kwanza. Kisha akamfungulia mlango.

Simu ililia wakiwa ndani. Swali la lori likaja tena. Kananu akamtazama mwalimu wake, ambaye hata kukohoa hakuthubutu, akajibu: "He is turning right. I wait behind him." Kazi akaipata. Angeondoka baada ya mavuno.

Mlimani wakalikuta lori limejaa mbao, likijivuta. Likawasha indiketa ya kushoto.

"Anakata kushoto," Masinde akasema. "Ngoja."

"Hapa bado ni kwetu, mwalimu wangu," Kananu akacheka, akipangusa shavu kwa kofia. "Anatuambia tupite, barabara iko wazi."

Lakini hakupita. Alishusha gia, akabaki nyuma ya lori, polepole, mpaka Nyeri.