Fulana Iliyonyamaza

Kelele za mashine mtu huzizoea. Shida ni pale mashine inayotakiwa kupiga kelele inaponyamaza, na hilo ndilo lililomsimamisha Lamduan adhuhuri ile alipopita karibu na mitungi ya kuogea.

Mumewe, Wichian, alikuwa nyuma ya ukuta wa mabati anajimwagia maji na kuimba puani. Fulana yake ya moyo alikuwa ameitundika msumarini, na kama kawaida yake amesahau kuchomoa betri. Ikiachwa hivyo fulana ile haina subira. Vile vibati vyake vya kusikilizia moyo vikikosa ngozi ya mtu, huanza kulalama, na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa humo husema, "Fulana haijagusa mwili." Kwa wiki tatu Lamduan alikuwa ameisikia sauti hiyo mpaka ndotoni. Leo fulana ilining'inia kimya, taa yake ya kijani inawaka, kama vile kuna aliyeivaa. Akaigusa. Upande wa ndani ilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu, na ilinuka maua ya champa yaliyoanza kuoza. Mchampa hawakuwa nao, wala jirani hakuwa nao.

"Baba Dao," akamwita mumewe kwa sauti ya chini, "umeanza kuoga saa ngapi?"

"Tangu ulipoanza kutwanga papai. Kwani siku hizi maji yanapimwa?"

Lamduan akachomoa betri.

Fulana yenyewe walipewa hospitali ya mjini. Wichian alianguka shambani siku ya kupandikiza mpunga, moyo umesimama, na wauguzi wakamrudisha kwa shida. Wakamwekea kisanduku cha kushtua moyo chini ya ngozi, kidonda kikatunga usaha, kisanduku kikatolewa. Mpaka kidonda kipone awekewe kingine, yaani miezi miwili, uhai wake ulikuwa ndani ya fulana ile. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, aliwaeleza mara tatu. Moyo ukienda kombo, mashine ya fulana, ile inayovaliwa kiunoni, itatetemeka, itapiga king'ora, kisha itasema. Kama mgonjwa yu macho atabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mashine itangoja. Kama amezimia hatabonyeza, nayo itampiga umeme imrudishe.

"Vitufe hivi ni vya mgonjwa peke yake," daktari alisema akimtazama Lamduan. "Akibonyeza mtu mwingine, mashine itadhani mgonjwa ana fahamu. Itamwacha afe."

Kijijini kwao, hata hivyo, hakuna aliyengoja daktari amwambie kwamba wanaume hufa usingizini. Tangu mavuno walikuwa wamechomwa maiti watatu pale hekaluni, ndiyo mazishi ya kwao, wote vijana wenye nguvu zao, wote walilala wazima wasiamke. Kila mtu alijua ni jini mjane, yule anayetafuta mume, na akimpenda mtu humkalia kifuani mpaka pumzi imwishie. Basi kila lango likatundikwa shati jekundu na kibao, "Hapa hakuna mwanamume." Na madume ya watu, wenye misuli na trekta zao, wakawa wanalala na kucha nyekundu na sketi za wake zao, ili jini akichungulia aone wanawake watupu. Wewe usicheke. Ungekuwa na mwana wa kiume ungempaka kucha na wanja juu.

Bibi Phuang, mama yake Wichian, alikaa nao nyumba moja. Fulana hakuipenda tangu siku ya kwanza, na mkwe hakumpenda tangu kabla ya fulana, kwa sababu Lamduan aliolewa na Wichian akiwa mjane. Kwa Bibi Phuang hilo lilitosha.

"Kijiji kizima kinaficha wanaume," alisema walipokuwa wakila, huku akifinyanga tonge la wali wa kunata, "sisi tumemvalisha mwanetu mwanamke anayemwita kwa sauti. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ile ni sauti ya mashine, mama."

"Na yako ni ya nini? Wa kwanza ulimpeleka hekaluni, huyu wa pili umeshamvika nguo ya safari."

"Mama, acha," alisema Wichian. "Mwache mke wangu ale."

"Si anakula. Ndiyo shida yenyewe, anakula."

Lamduan akaendelea kula. Alikuwa ameshachoma mume mmoja, na alijua kwamba akimpoteza na huyu, hakuna atakayelitafuta jini tena. Watamnyooshea kidole yeye.

Alipomvisha mumewe fulana baada ya chakula, ndipo akaona. Juu ya kitufe kimoja palikuwa na alama ya kidole, nyekundu, rangi ya kucha ambayo haijakauka. Akamfuata mkwewe jikoni.

"Mama, umegusa mashine?"

"Niiguse ya nini takataka hiyo?"

"Kuna rangi ya kucha kwenye kitufe. Daktari alisema nini kuhusu vile vitufe?"

Bibi Phuang akatoa kichupa kwenye pindo la nguo yake. "Nimekinunua leo asubuhi nimpake mwanangu. Tazama karatasi yake. Nimeibandua?" Karatasi ya kifuniko ilikuwa nzima. "Haya, na wewe toa mikono tuione."

Lamduan akanyoosha mikono. Kucha zake zilikuwa tupu, zina tope la shamba. Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane walikuwa wanaogopa kitu kimoja, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne, jua likiwa utosini, Wichian alilala kwenye bembea ya wavu uvunguni mwa nyumba, maana nyumba iliinuliwa juu ya nguzo, pale kwenye kivuli. Alikuwa na kucha nyekundu na sketi ya maua ya mkewe juu ya fulana. Lamduan alikuwa kisimani. Akasikia king'ora. Akaitupa ndoo akakimbia, na alipokuwa akikimbia ile sauti ya mwanamke ikaanza kusema, taratibu, "Bonyeza vitufe. Bonyeza vitufe."

Bibi Phuang alikuwa ameshafika, ameinama juu ya bembea, mikono ameinyoosha kuelekea kiunoni mwa mwanawe.

"Mama, usiguse."

"Anamwita mwanangu. Namnyamazisha tu."

Lamduan akamdaka mikono yote miwili kwa nyuma akaikaza kifuani mwake, na mikono yao minne ikiwa hapo hewani, mbali na mashine, king'ora kikakatika ghafla, kwa sababu vitufe viwili vilikuwa vimezama ndani, polepole, pamoja, kama vinavyozama vikibonyezwa na mtu asiye na haraka.

"Sijagusa," alinong'ona Bibi Phuang. "Mwanangu Lamduan, mimi sijagusa."

Midomo ya Wichian ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau, mkono umemdondoka nje ya wavu, na mashine, maskini, ikiupapasa ule moyo na kuukuta bado unapapatika ovyo, ikaanza upya kutetemeka na kulia na kuomba, na vitufe vikazama tena, na safari hii Lamduan akaona rangi nyekundu ikijichapa juu yake bila kidole, na harufu ya champa ikajaa uvungu wote mpaka kuku wakatawanyika, na hapo akamwachia mkwewe akapiga magoti, akavifunika vile vitufe kwa viganja vyake kama kawa juu ya sahani, asiviguse lakini asiache mwanya, akahisi vidole baridi, vya majimaji, vyenye kucha ndefu, vikitafuta njia katikati ya vidole vyake, vikimkuna, vikivibandua vyake kimoja kimoja kama mtu anayefungua ngumi ya mtoto, na ile sauti ya mashine ikasema, "Usimguse mgonjwa. Umeme unakuja," naye akasikia vizuri kabisa, asiondoe mikono.

"Huyu ana mke," akasema kwa meno yaliyofungana. "Nenda zako. Huyu ana mke."

Umeme ukapiga.

Alipofumbua macho alikuwa amelala chali kwenye vumbi, na Wichian anakohoa. "Nani amenipiga teke la kifua?" aliuliza. Bibi Phuang alikuwa analia kwa sauti, mkono mmoja amemshika mwanawe, wa pili amemshika mkwe.

Mganga akaletwa jioni ile ile. Akafukiza, akawafunga wote nyuzi nyeupe mikononi, akaipitisha fulana kwenye moshi mara saba, akatega sikio. "Ametoka kwenye fulana," akasema. Na alisema kweli. Kesho yake Wichian alipokwenda kuoga akasahau betri, fulana ikalalamika msumarini mpaka jirani akauliza kuna nini, na Bibi Phuang akalia kwa furaha. Tangu siku hiyo hakumwita Lamduan ila mwanangu, na nyama nono ya samaki alimwekea yeye. Ametoka, walisema wote. Hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Lamduan alikuwa na ukucha mmoja mwekundu, wa gumba la kulia. Aliusugua kwa dawa ya kutolea rangi, akaukwangua kwa kisu mpaka damu ikatoka. Siku ya pili ukucha wa gumba la kushoto nao ukawa mwekundu. Akawa anayaficha kwenye tope.

Siku ya tisa alikuwa jikoni anatwanga papai. Hilo alilikumbuka, mchi ulikuwa mkononi. Kisha akawa amesimama uvunguni, kando ya bembea, mumewe anakoroma, na magumba yake mawili yametulia juu ya vitufe viwili, tayari.

Akarudi jikoni mbio, akamkuta mkwewe. "Mama," akasema, "Baba Dao akilala, nifunge mikono. Nakuomba. Chukua kamba unifunge kwenye nguzo."

Bibi Phuang akaichukua ile mikono, akaiweka kwenye paji la uso wake. "Mikono iliyomrudisha mwanangu ndiyo niifunge leo? Nilikutukana miaka minane, sitakutukana tena. Umechoka tu, mwanangu."

"Mama, tazama kucha zangu."

"Nimeziona. Na wewe umejipaka, vizuri, usalama hauzidi." Akachukua kikapu chake cha sadaka. "Nakwenda hekaluni kushukuru. Kaa karibu na mumeo alale kwa amani."

Lamduan akaketi chini ya nyumba, akaikalia mikono yake. Zilikuwa zimebaki wiki nne Wichian awekewe kisanduku kipya. Bembea ilikuwa inayumba kidogo, na harufu ya champa ikamjia, kutoka kwenye nywele zake mwenyewe. Kisha mashine kiunoni mwa Wichian ikaanza kutetemeka, na mikono ikaanza kuchomoka.