Mpandishe Marehemu

"Fundi! Mpandishe marehemu!"

Meneja alikuwa amemwinamia Fundi sikioni, pale kwenye mitambo ya sauti nyuma ya ukumbi, mate yanamruka. Ukumbi ulifurika mpaka kwenye ngazi, maana wakubwa wa pale kuuza tiketi wanajua, kuhesabu viti hawajui.

"Nimekusikia, bosi."

"Umenisikia na hupandishi! Ubeti wake unakuja!"

Jukwaani alikuwepo Chiriku, ndivyo mashabiki walivyomwita, gitaa jekundu kifuani. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, na roki yake haikuwa ya kuchezeka harusini. Magitaa yalikwaruza, dramu zikabomoa, halafu ghafla kila kitu kikanyamaza. Hapo ndipo, kila shoo, Fundi alitakiwa kusukuma juu kitufe cha chaneli ya tisa, na sauti ya mume wa Chiriku aliyekufa itoke kwenye spika:

"Usifunge mlango, nipo njiani narudi..."

Mwaka mzima Fundi alikuwa anamfufua mtu yule kwa kidole chake mwenyewe. Alijua anavutia pumzi wapi na anakohoa wapi, pengine kuliko ndugu zake. Na kulikuwa na jambo moja lililomchoma roho: sauti ile ikitoka tu, Chiriku alifumba macho.

Kwa Fundi, Chiriku hakuwahi kufumba. Wiki tatu nyuma Fundi alimwomba ndoa, jikoni kwa Chiriku, sufuria inachemka. Mwanamke alimkazia macho kama anasoma mita ya umeme, akasema atafikiria. Leo mchana ndiyo akatuma ujumbe: "Nitakujibu baada ya shoo. Usinune."

Atajibu nini, wakati mume yumo kwenye kompyuta?

"Pandisha, wewe!"

Dramu zikanyamaza. Chiriku akafumba macho.

Fundi akakivuta kile kitufe chini mpaka mwisho.

Ukumbi ukawa kimya kabisa. Chiriku akafumbua macho, akatazama spika ya kulia, akatazama ya kushoto, kisha akatazama kule nyuma kwenye mitambo. Mpiga dramu akaona aibu inakuja, akaanza kupiga tu ilimradi kelele iwepo. Wimbo ukachechemea mpaka mwisho, taa zikawashwa, yakatangazwa mapumziko.

"Umerukwa na akili?" Meneja alifoka.

"Nyaya zimeleta shida."

"Nyaya zako za kichwani!"

Simu ikatetema mfukoni. "Chumba cha kubadilishia nguo. Sasa hivi."

Alimkuta amekaa mbele ya kioo, glasi ya maji ya uvuguvugu mkononi. Pembeni ya kioo ilibandikwa picha ya marehemu, anacheka.

"Ni nyaya?" Chiriku aliuliza.

Fundi akatazama picha.

"Nakuuliza wewe, usimtazame yeye. Ni nyaya?"

"Siyo nyaya. Ni mimi."

"Umemzima mume wangu mbele ya umati wote ule."

"Na kila siku anayempandisha ni nani? Mwanaume mzima nakaa kule nyuma, namsaidia mwanaume mwenzangu kumbembeleza mwanamke wangu!"

"Mwenzako yupo kaburini."

"Hayupo kaburini! Yupo chaneli ya tisa!"

Chiriku alitaka kucheka, akakimeza kicheko. "Mbona hukuniambia kama inakuuma?"

"Nikuambie nini, na wewe ndiye uliyesema huwezi kuimba bila yeye?"

"Nani kakwambia?"

"Meneja."

Glasi ikatua mezani taratibu. "Mimi nilimwomba Meneja mara mbili aitoe ile sauti. Akasema wewe ndiye umekataa, eti bila marehemu wimbo mtupu. Nikajisemea, kumbe huyu ananionea huruma ya mjane, mapenzi hana. Unadhani jibu lako lilichelewa kwa nini?"

"Na kufumba macho je?"

"Nafumba nisikuone wewe! Unampandisha mume wangu na uso mkavu, kama mtu anafungua bomba."

Fundi akajipapasa uso.

"Na usijione umepona," Chiriku aliendelea. "Unakula mezani kwangu mwaka mzima, swali moja limekushinda kuniuliza? Umeona bora uniaibishe?"

"Nisamehe. Wivu umenipeleka."

Mlango ukasukumwa bila hodi. Meneja.

"Wakubwa wa kampuni yetu wamekaa safu ya mbele. Wanataka wimbo urudiwe, na marehemu awepo!"

"Kaka," Chiriku alimwita kwa upole wa kutisha, "nani alisema siwezi kuimba bila yeye?"

Meneja akakagua dari. "Jamani, ile ni biashara tu. Watu wanakuja kumsikia yeye."

"Mume wangu alipoanguka na lile jukwaa lenu bovu akafa, mkasema ni bahati mbaya. Mazishini sikuona bosi hata mmoja. Mmekuja mwezi wa tatu baada ya mazishi kutafuta rekodi zake. Leo ndiyo mnamjua?"

Meneja akatazama saa yake. Wenye vyeo ndivyo walivyo, wana jibu la kila kitu isipokuwa la mtu aliyekufa mikononi mwao.

Chiriku akamgeukia Fundi. "Utampandisha. Mara ya mwisho."

Fundi akamwonyesha Meneja kwa kidevu. "Kwa amri ya huyu?"

"Kwa amri yangu. Alikuwa mume wangu, nataka nimuage mwenyewe, siyo akatwe kama umeme wa mdaiwa. Unaweza, au nitafute fundi mwingine?"

"Naweza."

"Na uso wa mbao sitaki."

Kipindi cha pili, dramu ziliponyamaza, Fundi aliweka kidole kwenye chaneli ya tisa. Akampandisha marehemu juu kuliko siku zote, akasafisha sauti mpaka kile kikohozi kidogo kikasikika mlangoni. Iliuma. Aliuma meno, akaacha uso wake uonyeshe. Chiriku aliimba naye ubeti mzima, macho wazi, ameyakazia kwenye mitambo, machozi yanashuka bila kufutwa.

"Huyo alikuwa mume wangu," aliuambia umati wimbo ulipokwisha. "Kwangu hamtamsikia tena. Mwacheni alale."

Safu ya mbele wakubwa wakatazamana. Chiriku akamnyooshea Fundi kidole, akapitisha kiganja shingoni: zima spika zote. Fundi akazima, akabaki anamsikia kwenye hedifoni peke yake. Chiriku akasogeza midomo kwenye maiki.

"Jibu ni ndiyo. Umesikia? Ndiyo. Ila ukinizimia tena wimbo bila kuniuliza, nakurudisha kwa mama yako pamoja na spika zako."

"Hatusikii!" watu walipiga kelele. "Fundi, sauti! Fundi!"

Meneja akaja mbio, jasho linamtoka. "Pandisha! Anasema nini?"

Fundi akafunika kitufe kwa kiganja.

"Hii siyo yenu," alisema, akaibana hedifoni sikioni kwa mkono wa pili isivuje hata neno.