Rangi ya Kumlaza Mzee Wangila

Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, Pascalia alimwacha bintiye Wendy kwa jirani yao Quinter hapo Khayega, akapakia ndoo tatu za rangi na furushi la brashi kwenye boda boda. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupaka vipande vitatu vya majaribio kwenye ukuta wa chumba cha kulala, mwenye nyumba achague, kisha arudi kesho yake kuanza. Alimwahidi Wendy kwamba kabla ya giza kuingia atakuwa nyumbani, wapike pamoja. Wendy ana miaka saba na ahadi za mamake hazisahau.

Kwa habari ya rangi za vyumba vya kulala, Pascalia hakuwa mtu wa kubishana naye. Watu wa mjini walimletea picha kwenye simu, wakitaka weupe wa hotelini, naye aliwaambia wazi kwamba kwenye chumba cheupe mtu hulala macho wazi kama samaki. Waliotaka rangi nzito nao aliwauliza kama wanajenga chumba au wanachimba pango. Usingizi, alisema, unapenda katikati: chai iliyokolea maziwa, jivu la asubuhi, kijani cha upande wa chini wa jani la mgomba. Kwa hiyo mama mmoja alipompigia simu akiomba "rangi ya katikati," Pascalia alifurahi kupata mteja mwenye akili.

Nyumba ilikuwa ndani kabisa ya miwa. Dereva wa boda boda alimshusha kwenye kijia, akasema apigiwe simu kazi ikiisha, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

"Mulembe, mama," Pascalia alisalimu mlangoni.

"Mulembe, msichana wangu. Ingia. Nilidhani hutakuja."

Mwenye nyumba aliitwa Maximilla, mjane wa miaka sitini na kitu. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba, na alitembea akishikilia ukuta. Pascalia alimhurumia. Alidhani ni shinikizo la damu.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kitanda kimoja, blanketi la buluu limetandikwa vizuri, dirisha dogo lenye vyuma. Ukutani kulikuwa na vipande vya majaribio vya mafundi wengine. Pascalia alivihesabu: kumi na kimoja. Cha mwisho hakikumalizika. Brashi ilikuwa imeteremka ghafla mpaka sakafuni, kana kwamba aliyeishika aliketi bila kupenda.

"Nyeupe inamwamshanga," Maximilla alinong'ona. "Nyeusi nayo... inamwita. Nitafutie ya katikati."

"Inamwamsha nani, mama?"

"Mzee Wangila. Alikuwanga shifti ya usiku kule kiwanda cha sukari, miaka thelathini. Mchana ndio alikuwa analala. Chumba kikiwa na rangi mbaya, halali."

Pascalia hakuuliza mzee yuko wapi saa hiyo. Wazee huwa sokoni, au kwa jirani. Alitandaza nailoni yake juu ya kitanda kisirukiwe na matone, akafungua ndoo, akapaka vipande vitatu: chai ya maziwa, jivu, jani la mgomba. Kisha akakaa juu ya ndoo kungoja. Rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya. Ikikauka hukolea, na fundi asiyengoja anamwachia mtu rangi ambayo hata yeye mwenyewe haijui.

Maximilla alisimama mlangoni, ameegemea fremu.

"Msichana wangu... mimi nimechoka. Nikifunga macho kidogo pale kwa kochi, utanikalia?"

"Lala tu, mama. Mimi nitakaa macho."

"Umekubali?"

"Nimekubali, mama. Kapumzike."

Machozi yalimtiririka yule mama. Alimshukuru mara tatu, akamwombea baraka, na Pascalia akaona haya, maana hakuwa amefanya lolote. Mlango ukafungwa taratibu.

Mwanga ulianza kupungua. Pascalia aligusa kipande cha kwanza kwa kidole. Kibichi. Akatazama simu: saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Wendy angekuwa ameketi kwenye ngazi ya Quinter, anachungulia barabara. Bora aende, rangi ataiangalia kesho. Akashika kitasa.

Hakikuzunguka.

"Mama? Mlango umekwama huku."

Akatega sikio mlangoni.

Aligonga. Akasukuma kwa bega. Kutoka sebuleni alisikia kukoroma, kukoroma kuzito kwa mtu aliyekosa usingizi miaka mingi. Aliita mpaka koo likakauka na kukoroma kule hakukukatika hata mara moja. Simu haikuwa na mtandao. Vyuma vya dirisha vilikuwa vya nondo, na nje ni miwa tu, imesimama hadi ukutani.

Ndipo kikalia king'ora.

Kilikuwa king'ora cha kiwanda, kile cha kubadilisha zamu, na kila mtu wa pande hizo anakijua. Lakini kiwanda kilizima mitambo miaka mingi iliyopita. Pascalia alijua hivyo vizuri. Babake mwenyewe alikata miwa mpaka siku ile kilipofungwa.

Harufu ikaingia. Molasi ya miwa... na grisi ya mashine... na jasho la mwanamume.

Akageuka.

Nailoni iliyokuwa kitandani ilikuwa imezama katikati. Kisha ikainuka. Ikazama tena... ikainuka.

Kitanda kilikuwa na mtu, naye alikuwa anapumua.

Pascalia alibana mgongo mlangoni. Nailoni ilijivuta mahali pa uso, ikachukua umbo la pua, la paji, la mdomo uliofunguka.

"Wewe ndiye umeingia zamu?"

Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kupita kiasi. Haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtia Pascalia hofu zaidi.

"Mimi... mimi ni fundi wa rangi tu, mzee."

"Basi nitengenezee chumba. Nilale."

Alipaka. Angefanya nini? Alianza na ile ya chai ya maziwa, kwa brashi pana. Mpako ulikuwa mweupe mno ukiwa mbichi, na kwenye tochi ya simu uling'aa. Kitandani pumzi zikaenda mbio. Vidole vikaanza kuisukuma nailoni kutoka chini, kimoja kimoja, kutafuta ukingo wake.

"Inaniamsha..."

Akaweka kando kopo moja la chai, akamimina jivu kwenye ndoo hiyo. Akakoroga kwa mkono mtupu, hadi kiwiko. Akapaka. Sasa ikawa nzito kupita kiasi. Ukuta ukaonekana kurudi nyuma, mbali, kama mlango uliofunguliwa kwenye giza, na Pascalia akahisi kitu kinamvuta vazi kuelekea huko. Brashi yake ikaanza kuteremka yenyewe. Alikumbuka kile kipande cha kumi na kimoja.

"Wendy," alisema kwa sauti. "Wendy ananingoja."

Akaling'ang'ania jina hilo. Akarudisha chai kidogo, kopo moja. Akatia kijani cha mgomba, nusu kopo tu. Akafumba macho, akaacha ile tochi ya uongo, akafikiria chumba ambacho Wendy angelala bila kuota. Alipofumbua, rangi ilikuwa pale ndani ya ndoo. Haikuwa na jina. Alipaka kuta nne bila kupumzika, akilia, akiomba Baba Yetu na kuikatiza katikati na kuianza upya.

Pumzi zikatulia. Nailoni ikapanda polepole, ikashuka polepole. Kisha...

Ikalala bapa.

Mlango ulifunguka kwa kusukumwa kidogo tu. Sebuleni Maximilla alikuwa kwenye kochi, mdomo wazi, uso wa amani. Pascalia alimtikisa, akamwita, akaacha. Alikimbia kijia chote bila ndoo wala brashi, na saa nne usiku alikuwa amemkumbatia Wendy kwa Quinter, mtoto akilalamika kwamba ananuka rangi.

Usiku huo hakulala. Aliona ni hofu.

Usiku wa pili hakulala. Wala wa tano. Hospitalini walimpa vidonge, akavimeza, akabaki anatazama dari. Alikoroga upya rangi ileile isiyo na jina, akakipaka chumba chao, na kikapendeza ajabu. Wendy alilala humo fofofo, na Quinter akaomba naye apakiwe. Lakini kila jioni, saa kumi na mbili kamili, Pascalia alisikia king'ora, na hakuna mwingine aliyekisikia.

Siku ya kumi na moja alirudi kule kwenye miwa. Nyumba ilikuwa na kufuli. Mkata miwa mmoja aitwaye Shikanga alikuwa akinoa panga kando ya kijia.

"Mama Maximilla tulimzika Jumamosi, dada. Alilala tu, hakuamka. Ule usingizi alikuwa ameutafuta!"

"Na mzee?"

"Wangila? Huyo alikufa mwaka ule kiwanda kilifungwa. Watu husemanga alimwambia bibi yake, 'Nikalie kidogo nilale.' Mama akasema, 'Lala, mimi nitakaa macho.' Basi. Tangu siku hiyo hakuna mtu amewahi kumuona mama amesinzia. Hata kanisani." Shikanga alimtazama usoni, akaacha kunoa. "Dada, na wewe macho yako..."

Pascalia hakungoja amalize.

Jioni hiyo alikaa kitandani na Wendy, kuta zimetulia kuwazunguka. Alikuwa amechoka namna ambayo hakujua mwili wa mtu unaweza kuchoka. Mikono ilimwasha, masikio yalimvuma. Sasa alielewa yale machozi ya Maximilla pale mlangoni, na alimchukia, na alimwonea wivu. Alijua pia jinsi ya kutoka. Ni kumwomba mtu tu. Mtu yeyote mwenye huruma.

King'ora kikalia.

Wendy alimtazama, akaweka kiganja kidogo shavuni mwake.

"Mama, macho yako ni mekundu. Lala kidogo."

"Siwezi, mami."

"Lala tu. Mimi nitakaa macho."

"Usiseme hivyo! Usiseme tena!"

"Si ni kidogo tu, Mama? Mimi nimekubali."

Harufu ya molasi ilikuwa imejaa chumba. Pascalia alifungua mdomo amkataze. Lakini kope zake, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, zilikuwa nzito, tamu, zinashuka zenyewe. Akazishika kwa vidole, juu na chini, zisifungike.