Baruti na Kodi ya Kazi Aliyoiacha

Ndugu zangu majirani, jioni ile nyumba ya Baruti ilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Mkewe alikuwa akikanda unga, watoto wakichora kibao cha duka, na Baruti mwenyewe akisifia mikate ambayo hata hajaioka. Walikuwa wameahidiwa chumba cha biashara pale kona, penye watu wengi. Kilichobaki ni leseni tu.

Jina la Baruti tulimpa sisi wa mtaani, na hakulipata bure. Kwenye kiwanda cha mikate alikokuwa fundi wa oveni, mara mbili alivua aproni akaondoka kwa hasira, na mara zote akarudi zilipopoa. Mara ya tatu alibamiza mlango, akaapa hatakanyaga tena pale. Hakuaga, hakuandika barua ya kuacha kazi. Akapata kazi hotelini.

Basi jioni hiyo ikaja barua ya ofisi ya kodi. Ilisema Baruti analipwa mishahara miwili, wa hotelini na wa kiwandani, na kodi ya yote miwili haijatimia. Bila maelezo hapati cheti cha kodi, na bila cheti hakuna leseni.

"Barua ya nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Matangazo tu," alijibu, akaitia mfukoni.

Kosa la kwanza halikuwa lake. La pili alilifanya mwenyewe, tena mbele ya mkewe.

Ikaja barua nyingine, kali zaidi. Baruti akawa hali vizuri, anafoka hata kijiko kikianguka. Akiulizwa leseni, anasema inashughulikiwa. Mwenye chumba akachoka kusubiri, akampa kinyozi. Siku hiyohiyo mkewe alikishika kile kibao ili akifiche watoto wasikione, akakuta barua zimechomekwa nyuma yake.

"Unadaiwa kodi ya kazi uliyoiacha?"

"Wananionea! Na kiwandani sirudi. Niliapa."

"Kiapo chako kimeshatunyang'anya duka. Kesho kitunyang'anye nini?"

Akalia, yule mama. Nilimsikia nikiwa upande wa pili wa ukuta, na msiniulize nilikuwa natafuta nini pale.

Asubuhi walikwenda kiwandani wote wawili. Njia nzima Baruti alikuwa akinoa maneno. Karani wa mishahara, mama wa makamo, alimtazama juu ya miwani yake, akatabasamu.

"Hatimaye! Unaanza lini?"

"Kuanza nini, mama? Mimi niliacha kazi!"

"Si hata zamani uliacha ukarudi? Nilikutunzia nafasi yako, mwanangu. Yule kibarua wa oveni tunamlipa kwa jina lako na namba yako ya kodi, mpaka utakaporudi. Nilijua utarudi tu."

Baruti alikuja kugombana na adui, akakuta mtu aliyemhurumia.

"Safari hii sirudi, mama," alisema taratibu. "Nilipaswa kuja kukuambia. Nisamehe."

"Na mimi nisamehe. Huruma yangu niliiweka mahali pasipo pake."

Baruti akaandika barua ya kuacha kazi palepale, amesimama. Karani akamwondoa kwenye orodha, akamwandikisha yule kibarua kwa jina lake mwenyewe, kisha akaiandikia ofisi ya kodi kueleza kosa la kiwanda. Baruti aliipeleka barua hiyo kwa mkono wake. Haikuwa kazi ya siku moja, aliambiwa njoo kesho mpaka akazoea benchi, lakini cheti kilitoka na deni likafutwa.

Chumba cha kona hakikurudi. Sasa wanaoka kwenye chumba chembamba huku kwetu uchochoroni. Mkate uliochorwa kwenye kibao unafanana na kiatu, lakini wa ndani ni mtamu, na mimi ni mteja wa kila siku.

FUNZO

Ukiacha kazi, hata kama umeudhiwa, aga, andika, na uchukue hati zako. Mwajiri wako wa zamani anaweza kukosea bila kukutakia ubaya, na kosa lake hurekebishika ukienda kuuliza. Barua ya kodi ikifika, isome pamoja na mwenzako siku hiyohiyo. Baruti angefanya hivyo, leo tungekuwa tunanunua mkate pale kona, na kinyozi angetafuta pengine.