Nachukua Nafasi Yake

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kuchukua kitanda cha mtoto. Mwanangu nilimwacha kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kushona nguo. Mtaa mzima unamwita mwanangu Bonge, kwa ajili ya mashavu yake.

"Nenda upesi, mama Bonge," Dada Fundi aliniambia, pini zimejaa mdomoni. "Na usimwonee huruma muuzaji ukampandishia bei mwenyewe. Nakujua."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Akirudi alfajiri huanguka kitandani kama gogo. Asubuhi moja mkono wake ulimwangukia Bonge shingoni. Nilipomvuta, mtoto alikuwa amebadilika rangi. Mume wangu alilia kuliko mimi. Tangu hapo alianza kulala sakafuni, na mimi nikawa silali kabisa. Nilikuwa nakaa nimemkodolea macho mwanangu, nasikiliza pumzi yake.

Dada Fundi ndiye aliyenionyesha minada ya mtandaoni. Kitanda kilikuwepo pichani, cha mbao, chenye kuta pande zote. Nilitaja bei yangu. Mwingine akataja zaidi. Mnada ukafungwa, nikashindwa.

"Tulia," Dada Fundi alisema. "Watu wanapandishana kwa ubishi, kesho mshindi anaingia mitini. Muuzaji anamgeukia aliyemfuata, kwa bei yake ile ile. Cherehani hii unadhani niliipataje? Kwa kushindwa."

Na kweli, ujumbe ukaja.

"Mshindi ameshindwa kuendelea. Wewe ndiye uliyemfuata. Je, unachukua nafasi yake?"

Nikaandika haraka, nisije nikapitwa: "Ndiyo. Nachukua nafasi yake."

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya ghorofa. Taa za ngazini zilikuwa zimeungua. Nilipanda nikipapasa ukuta, na kila nilivyopanda harufu ilizidi. Poda ya watoto... na chini ya ile poda, udongo mbichi.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume alisimama ndani, mahali ambapo mwanga haukufika. Sikuuona uso wake vizuri. Lakini sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Pole na ngazi, mama," alinong'ona. "Kunywa maji kwanza."

Nani siku hizi anampa maji mtu asiyemjua? Niliyanywa. Yalikuwa baridi sana.

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kilikaa katikati, kimefutwa vumbi, godoro lake dogo limetandikwa.

"Na yule aliyeshinda?" nilimuuliza. "Hakukitaka tena?"

"Alikitaka sana." Alilisawazisha godoro kwa kiganja. "Hakihitaji tena."

Nilisikia tofauti ya maneno yale mawili. Nilisikia kabisa. Lakini alikuwa ameshaniuliza jambo jingine.

"Mtoto anaitwa nani?"

Mtu akimuulizia mwanao jina kwa upendo, utamnyima? Nikamtajia. Si hilo la Bonge. Jina lake lenyewe.

Alilirudia polepole, mara kadhaa, kama anayelionja. Kisha akanisaidia kujitwika kitanda kichwani, akanisindikiza hadi ngazini.

Sikumsikia akitembea.

Njiani simu ilitetemeka kwenye pochi. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika kitanda, sikuweza kupokea. Na kitanda kilikuwa kizito mno kwa ukubwa wake. Kila nilipopiga hatua, kuta zake zililia. Kwii... kwii... Niliposimama kupumzika, kiliendelea kulia.

Kwii...

Nikasema ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Dada Fundi alinipokea mlangoni, Bonge yuko mgongoni kwake. "Umeona? Umeshindwa, ukashinda!" Alinisaidia kukiingiza, akatoa shuka jipya alilolishona kwa vipande vya nguo za wateja. Halikuwa la kuuza. Alikuwa ameliandaa kimyakimya kwa ajili ya mwanangu.

Nilimlaza Bonge. Hakulia. Alifumba macho papo hapo, yeye ambaye huwa namwimbia mpaka sauti inikauke. Dada Fundi akarudi kwake kwa kunyata. Nikakaa sakafuni, nikalia kwa furaha.

Simu ikatetemeka. Nikapokea.

"Wewe ndiye uliyenifuata kwenye mnada?" Sauti ya mwanamke, imekauka.

"Ndiyo, dada. Nani mwenzangu?"

"Umeshamlaza?"

Niligeuka kukitazama kitanda.

"Alikuuliza jina lake?"

"Nilimtajia... alikuwa mpole tu..."

Mwanamke akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. "Hata mimi sikushinda, dada. Nililetewa ujumbe kama wewe. Niliandika kwamba nachukua nafasi yake. Sikuuliza ni nafasi ya nani."

"Ya nani?"

"Ya mama aliyezika."

Nilirusha simu, nikamnyakua Bonge. Alikuwa anapumua! Lakini nusura nimtupe juu, maana mikono yangu ilijiandaa kubeba Bonge, na alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani. Macho yake yalikuwa wazi. Hakuwa ananitazama mimi.

Godoroni, mahali pa kichwa chake, palikuwa pamebonyea. Nilipasawazisha kwa kiganja.

Pakabonyea tena.

Nikapiga ukuta kwa ngumi. Dada Fundi alikuja mbio, tukakiburuta kile kitanda hadi nje ya uzio. Alfajiri mume wangu alirudi na kuuliza kwa nini nimekaa na mtoto kifuani. Nilipomwambia alichukua panga akakivunje. Nje hapakuwa na kitu. Hata alama ya kuburuta haikuwepo.

Daktari alimpima Bonge, akampima tena, akagonga mzani wake kwa kidole. "Anaumwa nini?" nilimuuliza. Alinishika bega. Alitusindikiza mwenyewe mpaka nje.

Mashavu yake bado yapo. Ananyonya, wala halii. Ila kila siku anapungua uzito. Mume wangu sasa hamgusi, anasema anaogopa kumpeperusha. Dada Fundi amenishonea mbeleko nene, nimfunge mgongoni nisimweke chini tena. Anakataa kunitazama. Nimemwambia hana kosa, hasikii.

Leo jioni nilikuwa naanua nguo, Bonge mgongoni, ukaingia ujumbe kwenye simu.

"Pole sana, mama. Umeshindwa kuendelea. Anayechukua nafasi yako ni huyu. Ukipenda, zungumza naye."

Chini yake kulikuwa na namba.

Nikapiga. Iliita ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena.

"Samahani, mpenzi!" Sauti ya msichana, anahema, anacheka. "Mikono imejaa, nimebeba kitanda. Nani mwenzangu?"

"Mdogo wangu, kiache hapohapo. Usimlaze mtoto. Nakuomba."

"Nimlaze nani? Sijajifungua, dada. Bado kidogo tu."

Nikashusha pumzi. "Basi hukumtajia jina."

"Jina ninalo, nililichagua zamani. Nimemtajia. Mtu mpole yule, jamani! Amenipa na maji." Akacheka tena. "Hee... Ajabu. Mtoto amejigeuza tumboni, halafu ghafla nimejihisi mwepesi..."

Nilitaka kumjibu. Lakini fundo la mbeleko lilikuwa limelegea kifuani mwangu.

Nikapeleka mkono nyuma kumshikilia.

Nilishika kitambaa kitupu, bado kina joto.