Mshono wa Mfuko wa Vumbi

Kila alfajiri Zuena aliamshwa na king'ora cha kiwanda na kikohozi cha baba yake. King'ora kilinyamaza upesi. Kikohozi kiliendelea mpaka Mzee Mdoe alipomaliza uji na kutoka kwenda kazini.

Waliishi kambini, kwenye shamba la mkonge karibu na Mnyuzi, miaka ile Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika. Mdoe alifanya kazi katika chumba cha brashi, ambamo singa kavu, yaani nyuzi za mkonge, zilisuguliwa kwa mashine hadi zikang'aa. Singa zikisuguliwa hutoa vumbi jeupe, jepesi, linaloingia kifuani na kukaa humo. Ndiyo maana nyuma ya chumba hicho palikuwa na kibanda cha bati chenye feni kubwa. Feni ilivuta vumbi kwa bomba na kulisukuma ndani ya mifuko mirefu ya marikani iliyoning'inia humo. Hewa ilipenya kitambaa, vumbi likabaki ndani. Mifuko iliyochanika ililetwa kwa Mwaija, mama yake Zuena, aishone.

Mwaija alikuwa amemfundisha binti yake kazi hiyo. "Kunja ukingo, shona mishono midogo midogo, kisha rudia juu yake," alimwambia mara kwa mara. "Feni ile haina huruma na mshono mlegevu."

Jumamosi moja ilikuja habari ya msiba kutoka Handeni, na Mwaija akafunga safari. Alimwachia Zuena mfuko mmoja uliobaki kushonwa kitako, akamwagiza asiutoe mpaka yeye arudi aukague.

Zuena hakuwa mvivu. Lakini mchana huo wenzake walikuwa wakienda mtoni, na rafiki yake Shida alisimama mlangoni akimhimiza. Basi akapitisha sindano kwa mishono mirefu, mara moja tu, bila kukunja ukingo. Alikuwa akikata uzi Mbaruku, kijana wa kiwandani aliyefunga mifuko kwenye bomba, alipokuja kuuchukua.

"Mama yako ameukagua?" aliuliza Mbaruku.

"Ameukagua kabla hajaondoka," alijibu Zuena.

Mbaruku akautia begani akaenda zake.

Jumatatu jioni Mdoe alirudi akiwa mweupe toka nywele hadi kope. "Leo vumbi limetuzidi," alisema, akashindwa kuendelea kwa kukohoa. Usiku ule hakulala. Aliketi kitandani akivuta pumzi kwa shida. Zuena alimsikia, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Siku iliyofuata mambo yalizidi. Nguo zilizoanikwa karibu na kiwanda zilifunikwa na unga mweupe. Fundi Bharat, aliyesimamia mitambo, alikaza mkanda wa feni kwa nje, kisha akafungua bomba na kutoa mafundo ya singa. Vumbi halikupungua. Alipouliza habari za mifuko, Mbaruku alimwambia yote ilikuwa imekaguliwa na Mwaija mwenyewe. Fundi akaamini, akarudi kwenye bomba bila kuchungulia mifuko kibandani. Alitaka kusimamisha kazi, lakini nyapara Stefano alikataa, kwa kuwa mzigo ulikuwa ukingojewa stesheni.

"Kama si bomba, basi ni huyo mama na mifuko yake," nyapara alisema mbele ya wafanyakazi. "Akirudi atafute kazi kwingine."

Mdoe alipoyasimulia maneno hayo nyumbani, Zuena alikusanya vyombo akaenda kuviosha nje.

Kesho yake saa sita alimpelekea baba yake chakula. Upepo ulikuwa umetulia, na ukimya wa nje ulifanya ngurumo ya feni isikike vibaya, kama mnyama anayekoroma. Alipopita karibu na kibanda alinusa harufu ya kitu kinachoungua. Akachungulia. Mifuko mingine ilikuwa imevimba, ila mmoja ulilegea, kitako wazi, ukimwaga bila kukoma vumbi lililorudi chumba cha brashi kupitia nyufa za ukuta. Vumbi lilikuwa limerundikana juu ya beringi ya feni, chuma kinachopata moto mhimili unapozunguka, na katikati ya rundo kulikuwa na doa jekundu linalofuka moshi.

Upande wa pili wa ukuta ndipo alipokuwa baba yake.

Zuena aliacha bakuli chini, akakimbia hadi kwa Fundi Bharat.

"Shikamoo, fundi. Mfuko umefumuka, na vumbi linaungua juu ya feni. Ni mimi niliyeushona. Mama hakuuona kabisa."

Fundi hakuuliza la pili. Alizima mitambo, akaamuru watu wote watoke na magunia yaloweshwe. "Wekeni magunia taratibu," aliwaonya. "Vumbi hili likitimka penye moto, kibanda chote kitawaka."

Gunia la kwanza lilitua vizuri. La pili lilimteleza Mbaruku. Wingu dogo la vumbi likapanda, na mara ulimi wa moto ukaruka na kuumeza mfuko ule mzima. Mbaruku alitoka ameshika uso, nyusi zimeungua. Lakini moto haukupata vumbi jingine la kula, na magunia mabichi yakaumaliza.

Mdoe alikuwa ameketi nje, mzima, akikohoa. Zuena alikaa kando yake.

Mwaija aliporudi alisikia yote kutoka kwa binti yake. Hakumpiga. Alimshika mkono wakaenda kiwandani, na Zuena akarudia maneno yake mbele ya nyapara na kumwomba Mbaruku radhi. Mwaija hakupoteza kazi. Tangu siku hiyo kila mfuko ulikaguliwa na Mwaija, kisha na Mbaruku mwenyewe, kabla ya kufungwa. Vumbi lilipungua, ingawa kifua cha Mdoe hakikupona upesi.

Fundi Bharat alimwita Zuena kando.

"Binti, mshono mbaya hauniogopeshi," alisema. "Mshono mbaya nikiuona, naurudisha kwa aliyeushona, unashonwa upya. Lakini ulisema umekaguliwa, nami nikaamini. Siku zote hizo nilikuwa nikitafuta ndani ya bomba kitu kilichokuwa kinywani mwako, na baba yako anavuta vumbi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa lililosemwa mapema hurekebishwa na sindano tu."