Nyimbo Sitini Nilizosema Nimezisikiliza

Nina miaka arobaini na tatu, nimeolewa mara moja na kuachika mara moja, hesabu iko sawa. Nina kibanda Ipogolo, Iringa, kando ya barabara kuu, ninapowaingizia watu nyimbo kwenye flashi na simu. Madereva wa malori wananijua. Mwongo ninamtambua kabla hajafungua mdomo... isipokuwa mwongo mmoja, na ndiye ninayewasimulia leo. Ni mimi.

Ambakisye, tuliyezoea kumwita Amba, alikuwa mpangaji mwenzangu kule Kihesa. Mnyakyusa wa Mbeya, mpole, fundi wa programu za kompyuta. Mama yake alikuwa akimtumia ndizi kwa basi, na nusu ya ndizi hizo nilikuwa nakula mimi. Aliniita dada, na alimaanisha.

Amba alitengeneza programu ya kupanga nyimbo. Unaiandikia akili mnemba kwenye simu kwamba una sherehe, wageni ni wa namna fulani, muda ni saa nne. Yenyewe inaingia kwenye ghala la nyimbo, inachagua, inapanga orodha, inapiga. Kazi ya DJ bila DJ.

"Lakini haina masikio, dada," aliniambia. "Haijui wimbo, inajua maelezo ya wimbo tu. Ukiandika huu ni wa harusi, itaupiga harusini. Haitakuuliza mara mbili."

Akatafuta mtu wa kuandika hayo maelezo: kila wimbo unahusu nini, unafaa wapi, na wapi usithubutu kupigwa. Mwalimu mmoja alisema atahitaji wiki tatu. Mimi nikasema siku kumi. Amba akacheka, akanisihi nichukue hata wiki mbili. Nikakataa. Nikishataja nimetaja... Ni nani mwingine mnayemjua anayepatana hadi akajipunja mwenyewe?

Nyimbo zilikuwa 412, nilizihesabu mara mbili. Taarabu, kwaya, bongofleva, ngoma za huku kwetu. Nyingine alizitoa kwenye flashi ya nyumbani kwao, ambayo mama yake alimpa akisema ina kwaya nzuri za zamani.

Aliniachia sharti moja tu. "Usiyoielewa, andika hujaielewa, nitaisikiliza mwenyewe. Hasa za Kinyakyusa. Kwetu hata msibani ngoma inapigwa kwa kasi na watu wanacheza. Usije ukasikia kasi ukadhani ni furaha."

Nikamjibu, "Mdogo wangu, nimeuza nyimbo kabla hujaota ndevu."

Siku ya tisa zilibaki sitini, zote za Kinyakyusa. Mimi ni mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka Kilwa, na Kinyakyusa changu kinaishia kwenye salamu. Niandike "sijaelewa" mara sitini? Yule mwalimu si angenicheka mbele ya mji mzima? Nikasikiliza mwanzo wa nyimbo mbili tatu. Ngoma, vishindo vya miguu, filimbi. Nikaandika mstari mmoja, nikaunakili mara sitini: Ngoma ya Mbeya, ya kuchezeka, inafaa sherehe zote.

Amba akaniuliza kama zote nimezisikiliza. Nikamwambia mara mbili.

Miezi miwili baadaye dada yake mdogo, Tumpe, alifanyiwa sendofu Mbeya, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Baba yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Amba alitaka ukoo uone kwamba mtoto wa marehemu amekuwa mtu. Programu yake ndiyo ingepiga muziki siku hiyo. Nami nikaalikwa, nikavaa dera jipya, nikakaa meza ya mbele.

Saa mbili nzima mambo yalikwenda vizuri. Mjomba wao mmoja aliniinamia, akaninong'oneza, "Huyu DJ hanywi bia wala haulizi chakula kiko wapi. Angekuwa na mguu tungemwoza binti."

Ikafika zamu ya mama mzazi kuingia na zawadi. MC akaiandikia programu: ngoma ya nyumbani, ya kuchangamsha, mama wa binti anaingia.

Ngoma ikalia. Mama Amba akaingia na kikapu kichwani, anacheza. Hatua tatu, nne... Halafu kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke analia, anaita jina la mtu. Mama Amba akasimama palepale.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa siku aliyomzika mumewe. Mtu alirekodi kwa simu, na rekodi ikaishia kwenye ile flashi bila yeye kujua.

Kikapu kilianguka. Tumpe alikaa chini sakafuni na gauni lake zuri, akajifunika uso. Amba alipapasa kompyuta akitafuta pa kuuzima, na mama yake akaendelea kulia kwenye spika, ilhali pale aliposimama alikuwa kimya kabisa. Baba mdogo wa Amba akamwambia mbele ya watu wote, "Kwa hiyo msiba wa baba yako umeufanya burudani?"

Nje ya ukumbi Amba aliniuliza taratibu, "Dada, namba 388. Uliisikiliza?"

Ningeweza kusema hapo. Neno moja tu. Nikamwambia niliisikiliza, ni ngoma tupu, labda mashine yako imechanganya mafaili. Akaniangalia kidogo, akarudi ndani, akawaambia wazee kosa ni lake. Wakamwambia asikanyage shughuli ya ukoo tena.

Aliifuta ile programu, akahama Kihesa. Nikasikia yuko Rujewa, anapima magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Fundi wa kompyuta! Nami nikaendelea kuuza nyimbo... ndizi zikakoma kuja.

Baada ya miezi mitano nilishindwa. Nilipanda basi hadi Mbeya, nikamwendea mama yake, nikamweleza yote. Sikuacha kitu. Alinisikiliza huku anachambua maharage, wala hakuinua macho.

"Ndaga, mwanangu, asante kwa kuja," akasema. "Ila nilijua. Wiki ile ile Amba alinionyesha. Mistari sitini, yote sawasawa mpaka nukta. Nikamwambia nenda kwa baba zako ukawaambie. Akakataa. Akasema dada atakuja kusema mwenyewe."

Nikamuuliza kama bado ananisubiri.

"Alisubiri," akasema. "Sasa hivi hakutaji."

Siku iliyofuata nilikwenda kwa wale wazee, nikasema. Walinisikia. Amba hajarudi.

Ndugu wasomaji, ukipewa kazi ya kuandika kitu ambacho mwingine atakifuata bila kuuliza, awe mtu au mashine, na kuna mahali hujui, andika hujui. Utaona aibu ya siku moja tu. Mimi nilikwepa aibu hiyo, nikamvisha kijana aliyekuwa akinigawia chakula chake. Na kama umeshaandika uongo, usingoje miezi mitano. Anayekulinda naye huchoka.

Nimezisikiliza zile sitini, nimekaa na jirani Mnyakyusa ananitafsiria. Kumi na moja ni za msiba. Nimeandika maelezo mapya ya kila moja, nimemtumia Amba. Amesoma. Hajajibu, na simdai jibu.